Muulize fundi: AC haitengenezi baridi, inahamisha joto

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu meseji karibu zote ni za joto, si unajua kaskazi ikishaingia hapa Mtwara fukuto linakuwaje, hata upepo wenyewe wa baharini unakuja umebeba maji. Nimechagua chache, zile zinazofanana nimejibu kwa pamoja.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mzee wa Mtanda, Lindi mjini. Kijana wangu anasoma Ufini, huko barafu mpaka magotini, ananiambia nyumba anayokaa inapashwa joto na AC ya ukutani kama hizi za benki. Nikamwambia ananichezea. AC ni ya baridi, italetaje joto, tena huko nje joto lenyewe hamna?

Shikamoo mzee wangu. Kijana hajakuchezea, ni kweli kabisa, na Ufini, Uswidi na Norwei ndo nchi za Ulaya zinazoongoza kwa mashine hizo. Wanaziita pampu za joto, na ukiifungua ndani ni AC ile ile, kilichoongezeka ni valvu moja ya kugeuza njia ya gesi.

Naomba tuanze na friji ya hapo nyumbani. Peleka mkono nyuma yake, utakuta pana moto. Ule moto umetoka wapi? Umetoka kwenye samaki na maji uliyoweka ndani, friji imeuchota huko ikaja kuumwaga nyuma. Yaani hamna mashine inayotengeneza baridi mzee, baridi ni joto likiondoka tu. AC nayo inachota joto chumbani inalimwaga nje, ndo maana ukipita nyuma ya duka lenye AC unapulizwa na upepo wa moto. Sasa wenzetu wakigeuza ile valvu mashine inachota joto nje na kulimwaga chumbani, basi, kazi ni ile ile ila mwelekeo umegeuka.

Swali lako zuri ni lile la mwisho, kwamba joto la kuchota linatoka wapi kwenye barafu. Unakumbuka nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi inavyosisimka kwa ubaridi? Ile spiriti inageuka mvuke na mvuke hauondoki bure, unaondoka na joto la ngozi yako. Mtungi wa maji nao ni hivyo hivyo, maji yanajipenyeza kwenye udongo yanakauka na joto linakwenda nayo (na ndo sababu mtungi Masasi unapoza vizuri kuliko huku pwani, huku hewa imeshashiba maji). Sasa gesi ya ndani ya AC ni spiriti kali mno. Gesi ya R32 ukiiacha kwenye presha ya kawaida inachemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri. Kwa hiyo hewa ya Ufini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ambayo kwako na kwangu ni balaa, kwa ile gesi ni kama jiko. Inapita kwenye koili ya nje, inachemka, inabeba joto, halafu kompresa inaiminya. Na kitu ukikiminya kinapata moto, shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi utanielewa. Ule moto ndo unapulizwa chumbani kwa kijana wako.

Faida yake iko kwenye umeme. Hita ya waya ukiipa yuniti 1 inakupa joto la yuniti 1, haiwezi kuzidi. Pampu ya joto ukiipa yuniti 1 inakupa joto la yuniti 3 na hata 4 hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa sababu umeme ni wa kubebea tu, joto lenyewe limetoka nje bure. Baridi ikizidi sana inashuka, inaweza kufika 2, lakini hata hiyo ni nusu ya bili ya hita.

Na sio kitu cha juzi. Mwaka 1852 mwanasayansi wa Uingereza, William Thomson, ambaye baadae aliitwa Lord Kelvin, alishaandika kwamba mashine ya namna hii inawezekana. Miaka hiyo hiyo ya 1850 Peter von Rittinger wa Austria akatengeneza ya kwanza ya kazi, na unajua ilikuwa ya nini? Ya kukausha maji ya chumvi. Huku kwetu Lindi na Mtwara chumvi tunaanika juani, wao jua hawana wakaminya mvuke. Mwambie kijana nimemsalimia, na avae soksi.

Fundi mambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Shangani Mtwara. Mwezi wa 12 tumenunua AC ya 12,000 (yaani BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza) tukafunga chumbani. Zamani LUKU ya elfu 8 ilikuwa inanifikisha mwisho wa mwezi, sasa hivi naweka elfu 20 siku sita saba imekwisha. Mume wangu anasema mita imechezewa. Tunawasha usiku tu, nyuzi 16 ili chumba kipoe haraka.

Pole dada, ila mita usiilaumu kwanza, tufanye hesabu.

Elfu 8 kwa mwezi maana yake ulikuwa kwenye bei ya watumiaji wadogo, ile ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, yuniti shilingi 100, na kodi na tozo inakuwa kama 122. Ukishaanza kupitiliza zile 75, kinachozidi unakilipa kwa shilingi 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo unahamishiwa bei ya kawaida ambayo ni 292, ukiweka VAT na tozo zake inafika kama 356. Umeona? Kabla hata AC haijala chochote, yuniti ile ile imekuwa karibu mara tatu, na taa, friji, TV, pasi, vyote umeanza kuvilipia bei mpya. Hili watu hawaambiwi dukani na linaniuma sana, mtu anauziwa mashine anaambiwa "hii haili umeme" halafu mwezi wa pili mke na mume wanagombana kwa ajili ya mita.

Sasa AC yenyewe. Ya 12,000 isiyo ya inveta inavuta kama wati 1,100 kompresa ikiwa inafanya kazi. Usiku wa masaa 8, inakata na kuwaka, weka yuniti 6 na nusu. Hiyo ni kama 2,300 kwa usiku, karibu elfu 70 kwa mwezi. Ya inveta, ambayo haikati na kuwaka bali inapunguza mwendo, inaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa yuniti 3 na nusu hivi, yaani kama elfu 37 kwa mwezi. Hizo ni hesabu za chumba kilichofungwa vizuri na dari yenye heshima. Chako nina wasiwasi nacho, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza hiyo 16. Kuweka 16 hakufanyi chumba kipoe haraka dada yangu, AC isiyo ya inveta ina mwendo mmoja tu, ukiweka 16 au 25 inaanza kwa nguvu ile ile, tofauti ni kwamba ya 16 haifiki popote kwa hiyo haipumziki mpaka asubuhi. Weka 25 au 26 halafu washa pangaboi mwendo mdogo. Pangaboi inakula kama wati 60, usiku mzima haifiki hata shilingi 200, na upepo wake unafanya nyuzi 26 mwili uone kama 24.

Pili angalia juu ya mlango na dirisha. Nyumba nyingi za huku zina yale matundu ya hewa yenye wavu, au tofali za maua, zilijengwa hivyo kwa akili kabisa ili upepo upite, lakini ukifunga AC matundu yakabaki wazi unapoza Shangani nzima. Na hewa inayoingia sio kavu, ina maji. Ule mrija wa maji unaotoka nje ya ukuta utege ndoo usiku mmoja, huku pwani msimu huu ndoo ya lita 10 inaweza kujaa mpaka asubuhi. Kugeuza mvuke kuwa lita 10 za maji AC inakula kama yuniti 2 za umeme, hiyo ni kazi ya kukausha hewa tu, kupoza bado. Basi ziba matundu ya chumba hicho kimoja, ubao au hata jipsamu, lakini acha dirisha ambalo mtalifungua asubuhi hewa ibadilike.

Tatu bati. Bati lililopigwa jua kuanzia saa 2 asubuhi linachoma, dari inameza ule moto na usiku saa 3 bado inaushusha juu ya kitanda. Ukipanda juu ya dari na tochi saa 8 mchana hukai dakika tano. Kama mna nafasi, weka karatasi za foili chini ya bati na acha matundu ya kutolea hewa pembeni kwenye kona ya juu ya paa, na paka bati rangi nyeupe. Mi naona pesa ya kazi hiyo ingetangulia kabla ya AC, na ukishaifanya AC ya 9,000 ingewatosha kwa chumba cha kulala cha kawaida.

Mtu wa Ligula ameuliza kuhusu kitufe cha tone la maji kwenye rimoti, nimjibu hapa hapa. Ile ni ya kukausha hewa, feni inakwenda polepole maji yatoke zaidi kuliko baridi. Usiku wa mvua, joto la wastani ila shuka zinanata, ndo pahala pake. Na AC ya kwanza ya kisasa ilizaliwa kwa sababu hiyo, mwaka 1902 Willis Carrier aliitengeneza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, Marekani, karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi haziangukii pahala pake. Watu kupoa ilikuja baadae.

Niko Newala, huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi baridi kweli. AC yangu rimoti ina alama ya jua, nikibonyeza inapuliza hewa ya kawaida tu. Imeharibika?

Haijaharibika. Nyingi zinazouzwa huku ni za kupoza tu, ile valvu niliyomwambia mzee wa Lindi haimo, ila rimoti inatengenezwa moja kwa zote. Soma kibandiko kwenye mashine ya nje, kama imeandikwa uwezo wa kupoza peke yake basi ndo hivyo. Na kwa Newala sikushauri ununue nyingine, kipupwe chenu blanketi na dirisha lililofungwa linakitosha.

Fundi, kila mwaka najaziwa gesi. Mwaka huu mara mbili, elfu 80 kila safari. Fundi anasema gesi ya AC huwa inaisha kama gesi ya kupikia. Mingoyo, Lindi.

Hapa naomba msomaji yeyote mwenye AC asome pole pole. GESI YA AC HAIISHI. Haichomwi, hailiwi, inazunguka mle ndani, inachemka inaminywa inarudi, inaweza kukaa miaka 15 bila kuguswa kama ilivyo ya friji, kwani friji yako unaijaza kila mwaka? Ikipungua maana yake kuna tundu. Anayekujazia bila kutafuta tundu anakuuzia kitu ambacho kinakwenda hewani, na akija tena mwakani ni kwa sababu hakulifanya lililotakiwa kufanywa.

Niliwahi kuitwa nyumba moja Mikindani, mama mtu mzima anaishi kwa pensheni, ameshajaziwa mara tatu. Nikachukua povu la sabuni ya unga na brashi, nikapaka kwenye nati za mabomba ya kopa nyuma ya mashine ya nje, la pili tu likaanza kutoa mapovu. Mdomo wa bomba ulikuwa umepasuka. Kukata, kutengeneza mdomo upya, kukaza, chini ya saa moja. Miaka yote ile pesa ya yule mama ilikuwa inatoka kwenye ufa wa mdomo wa bomba, nilikaa nje kwenye ngazi nikashindwa hata kumtajia bei.

Kwa hiyo fundi akija mwambie mambo haya. Apime presha. Atafute tundu kwa povu, kuanzia kwenye nati. Akishaziba avute hewa kwa pampu ya vakyumu, nusu saa na zaidi, usikubali asukume hewa kwa gesi, kwa sababu hewa na unyevu vikibaki ndani kompresa haina maisha. Halafu ndo ajaze kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Fundi asiye na mizani anabahatisha.

Na uangalie ni gesi gani. Kama ni R22, hiyo inaondolewa duniani kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni, ni makubaliano ya Montreal ya 1987, na kwa nchi zetu mwisho wake umepangwa 2030, kikibaki kiasi kidogo cha matengenezo tu. Kilo moja ikivuja inatega joto angani kama kilo 1,800 za kaboni dayoksaidi. Gesi zilizokuja baadae nazo nyingi zinatega joto, ndo maana mwaka 2016 nchi zilikutana hapo Kigali wakakubaliana kuzipunguza pia. Kwa hiyo ile AC ya mtumba ya R22 unayoletewa kwa bei ya kutupa, usiichukue, gesi yake itakuwa shida kupatikana na hutaweza kuiwekea gesi nyingine tu, presha na mafuta ya kompresa ni tofauti. Ukinunua mpya tafuta R32. Hiyo inaweza kushika moto, sio kirahisi lakini inaweza, kwa hiyo fundi mwenye sigara mdomoni mfungie geti.

Wenye nyumba karibu na maji, Shangani, Mikindani, Msanga Mkuu ng'ambo, tundu lenu jingine ni chumvi. Inatafuna mapezi ya alumini ya mashine ya nje mpaka yanapukutika kama majivu. Isuuzwe na maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi, umeme umezimwa, kwa mpira wa kawaida, usitumie ile mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi. Ifungwe upande ambao kusi haliipigi usoni. Na filta za ndani kila wiki mbili, hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaweza.

Halafu kuna walioniandikia kwamba AC inapoza usiku, mchana haipozi. Watatu kati yao nimewauliza mashine ya nje iko wapi, wawili wamesema kwenye kichochoro kati ya nyumba na ukuta, mmoja ameijengea kibanda cha nondo na bati juu dhidi ya wezi. Mashine inamwaga joto halafu inalivuta tena lile lile. Iachieni nafasi mbele angalau mita moja na nusu, kivuli kizuri ila hewa ipite.

Tuna gesti ya vyumba 10 Mikindani, wageni wanataka maji ya moto. Hita za shawa zinatumaliza. Tumesikia kuna pampu ya joto ya maji?

Ipo, na kwa huku pwani ndo pahala pake hasa kuliko hata Ulaya, maana hewa yetu ina joto mwaka mzima na mashine inachota bila kuhangaika. Tuseme kila chumba lita 30, jumla 300, kutoka nyuzi 25 kwenda 55. Kwa hita ya waya hiyo ni yuniti 10 na nusu, kama 3,700 kwa siku. Kwa pampu ya joto ni yuniti 3, kama 1,070. Kwa mwezi uliojaa wageni unaokoa karibu elfu 80. Tena ile hewa inayotoka ni baridi na kavu, iwekeni ipulizie stoo ya vyakula au jikoni.

Lakini kabla hamjanunua, pigeni hesabu ya sola ya maji pia, ile ya tangi na vioo juu ya paa. Jua mnalo, umeme haili kabisa, na siku ya mawingu ndo mnawasha umeme. Mi ningeanza na sola, pampu ya joto ningeichukua kama paa ni la makuti au limefunikwa na miembe. Chochote mtakachochukua wekeni stebilaiza na kifaa cha kuchelewesha umeme dakika tatu mpaka tano, umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa ikiwa bado na presha inajaribu kuwaka inashindwa inaungua. Hapa Mtwara nimezika kompresa nyingi kwa hilo kuliko kwa uzee.

Shikamoo fundi. Mimi mwalimu, nimezaliwa Masasi, nimepangiwa Makete. Mwezi wa 6 naambiwa kunakuwa na barafu kwenye majani. Wenzangu wa huko wanaingiza jiko la mkaa chumbani. AC ya kupasha joto itafaa?

Marahaba mwanangu. La jiko kwanza. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hata limeshika vizuri na halitoi moshi, hasa hapo ndo hatari. Linatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, kichwa kinauma kidogo, unaona usingizi mtamu, huamki. Hata ukiambiwa "sisi tumezoea" kataa, na ukimkuta mtu amelala na jiko fungua mlango na umtoe nje kwanza maswali baadae.

AC ya njia mbili, ya kupoza na kupasha, itafaa, ya inveta, 9,000 kwa chumba cha mwalimu inatosha. Itakula kama wati 600 kukupa joto ambalo hita ya waya ingekula wati 2,000. Baridi ya Makete kwa mashine hizi sio kubwa. Ila kuna jambo litakutisha kama hujaambiwa, usiku wa ukungu koili ya nje itaganda barafu, mashine itaacha kupuliza joto dakika kadhaa, utasikia inapumua pshhh na mvuke unafuka huko nje kama inaungua. Haiungui. Imejigeuza yenyewe kuyeyusha barafu, itarudi. Usiizime.

Nunua ambayo kibandiko kinataja uwezo wa kupoza na wa kupasha, viwili, na mwambie muuzaji aiwashe kwenye alama ya jua mbele yako kabla hujatoa hela. Ukifika, kabla ya kufunga chochote, omba fundi umeme akague waya za hiyo nyumba, nyumba za walimu za zamani nyingi zimevutwa kwa ajili ya taa na redio. Na mwanzo mwanzo kabla hujapata hela ya AC ziba nafasi ya chini ya mlango na kitambaa, weka pazia zito mpaka chini, na jaza maji ya moto kwenye chupa uifunge na kanga uweke miguuni.